Miezi sita imefika, mbona fizio ananizuia kucheza?

Jamani, toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba aliyepasuliwa ACL asikimbilie uwanjani, nikapita zangu kwenye mambo ya enka. Basi sijapumzika tangu siku hiyo, meseji zimejaa mpaka simu inagoma, na karibu zote ni swali lilelile limevaa nguo tofauti. Kwa hiyo safari hii ukurasa mzima ni goti. Kwa wageni wa safu hii, ACL ni ile kamba fupi iliyopita kimshazari katikati ya goti, inazuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele na usijisokote hovyo pale unapogeuka ghafla. Na mnaoniita Dokta, asanteni kwa heshima ila mimi ni mtu wa fizio, wa kurudisha viungo kwa mazoezi, sipasui mtu.

Swali: Habari Dokta. Nacheza winga, miaka 24. Nilikata ACL kwenye mechi ya mtaani, wala sikuguswa na mtu, nilikuwa naingia ndani mguu ukabaki goti likaenda. Nikapasuliwa, wakachukua kano nyuma ya paja wakapandikiza. Leo ni miezi sita na wiki mbili, goti haliumi kabisa, nakimbia barabarani kilometa tano, nachuchumaa, ngazi napanda. Ndondo zinaanza mwezi ujao na kocha kashasema jezi yangu ipo. Fizio wangu anasema hapana, nisubiri miezi mitatu mingine na vipimo juu. Mbona Zlatan Ibrahimović, yule mshambuliaji, alirudi baada ya miezi saba? Au huyu fizio anataka hela ya kliniki tu? – Winga wa Mbagala

Jibu: Pole sana Winga. Huyo fizio wako mshikilie, wa hivyo hawapatikani kirahisi.

Nianze na hilo la kutoumia maana ndo linalowaponza wengi. Kile kipande walichokitoa nyuma ya paja kilikuwa kimezoea kulishwa na damu ya huko kilikotoka. Wakishakikata na kukipitisha kwenye matundu waliyotoboa kwenye mfupa, kinakaa pale kama mgeni asiye na mwenyeji, chembe zake nyingi zinakufa, halafu taratibu vimishipa vya damu vinaanza kuingia, chembe mpya zinakuja, nyuzi zinapangwa upya. Sasa angalia ubaya wake, kile kipindi cha wiki ya sita mpaka ya kumi na mbili, ambapo uvimbe umeshuka na mtu ametupa magongo na anaanza kutamba, ndo kipindi ambacho kipande chenyewe kipo dhaifu sana. Na kazi ya kukigeuza kiwe kitu kinachofanana na ligamenti inaendelea mpaka zaidi ya mwaka, wapo watafiti wanaosema inafika hata miaka miwili. Muda wote huo hakikuumi! Kwa hiyo kutosikia maumivu kunakuambia ngozi na misuli vimetulia, hakukuambii kitu kuhusu kamba.

Na kilometa tano za barabarani hongera, ila barabara haina beki. Unakimbia mbele tu, hakuna anayekukaba, hakuna mpira wa juu wa kuruka na kutua mguu mmoja huku umepigwa kikumbo. ACL haikatiki kwenye kukimbia mbele. Inakatika hivyohivyo ulivyoeleza wewe, na kwenye soka wengi wanaikata bila kuguswa na mtu, ni kukata kona, kutua vibaya, kusimama ghafla.

Sasa utafiti. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliofuatilia watu 106 waliopasuliwa ACL, ni kazi ya pamoja ya Oslo kule Norway na Delaware kule Marekani, wakawaangalia kwa miaka miwili. Kwa waliorudi kwenye michezo ya kugeukageuka kama mpira wa miguu, kila mwezi mmoja mtu aliojizuia mpaka kufika miezi tisa ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa karibu nusu, 51% kama unapenda namba. Baada ya mwezi wa tisa kusubiri zaidi hakukuonyesha tofauti hiyo tena. Afu kuna hii ambayo mimi huwa nawaonyesha wagonjwa wangu wabishi: waliorudi bila kufaulu vipimo, karibu 38 katika kila 100 waliumia tena, waliofaulu kwanza ndo wakarudi, kama 6 tu katika 100. Mwaka huohuo wale wa Aspetar, hospitali ya wanamichezo ya Doha, wakatoa ya kwao ya wachezaji 158 wa kulipwa, wote wanaume, na waliorudi bila kutimiza masharti yote sita ya kuruhusiwa walikuwa na hatari mara nne ya kukata kile kipande kipya. Na hao ni watu wenye fizio kila siku, chakula cha kupimwa na nyasi za kumwagiliwa, we unarudi kwenye uwanja wenye mashimo.

Umri wako nao unanitia wasiwasi, samahani. Tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja zilionyesha vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne anakata tena, ama goti lilelile ama la upande wa pili. La upande wa pili watu huwa wanalisahau kabisa. Muulize Militão wa Real Madrid, Agosti 2023 alikata la kushoto, akarudi, Novemba 2024 akakata la kulia.

Kuhusu Zlatan, kweli, aliumia Aprili 2017 akarudi Novemba. Ila umeishia hapo kwenye stori, mwisho wa Disemba alikuwa nje tena kwa sababu ya goti. Mimi kama ni kuiga ningemuiga Van Dijk, aliumia Oktoba 2020, Euro ikapita anaiangalia kwenye TV na yeye ni nahodha wa Uholanzi, mechi ya ligi akacheza Agosti 2021. Miezi kumi!

Vipimo vyenyewe sio uchawi wala havihitaji Ulaya. Kuna nguvu ya msuli wa mbele wa paja, huo ndo mlinzi wa goti na ndo unaosinyaa haraka kuliko yote, unapimwa mguu mmoja mmoja kwenye mashine, hata ile ya gym ya kukaa na kunyoosha mguu inasaidia. Kuna kuruka mguu mmoja, mruko mmoja kwenda mbele, mitatu mfululizo, kuruka kwa kuvukavuka mstari, fizio anapima kwa futi kamba. Mguu uliopasuliwa ufike angalau 90% ya mzima. Lakini hapa pana mtego, huo mguu "mzima" nao umekaa miezi sita hauchezi, umelegea, sasa ukiulinganisha mgonjwa na mvivu unaweza kupata 95% na wote wawili hawafai. Ndo maana mtu makini anapima mguu mzima kabla ya upasuaji na kuandika. Af kipimo sio umbali peke yake, fizio anaangalia pia unavyotua, goti likiingia ndani linaelekea kwa mwenzake hujafaulu hata kama umeruka mbali. Na usiende kujaribu haya kesho asubuhi peke yako nyuma ya nyumba, nawajua nyie.

Hiyo miezi mitatu usikae kijiweni. Unanyanyua chuma, unajifunza kutua, unarudi mazoezini na timu bila kukabwa, halafu unakabwa kidogo, halafu mechi ya mazoezi dakika 20. Jezi mwambie kocha aikunje aiweke kabatini. Msimu huu wa ndondo kwako umeshapita, kubali.

Swali: Salaam aleikum daktari. Mwanangu wa kike ana miaka 16 acheza kandanda shuleni, wiki mbili zilizopita alisikia goti limelia "ta!" likavimba jioni ile ile. Bibi yake ataka apelekwe kwa mzee mmoja wa kuchua mishipa. Babake naye asema mpira si wa wasichana ndio maana magoti yao hukatika, aache kabisa. Hospitali wataka MRI, ile picha ya ndani ya goti, na ni pesa nyingi. Nifanye nini? – Mama wa Likoni

Jibu: Waaleikum salaam mama, na mpe binti pole zangu. Kulia "ta" halafu kuvimba ndani ya saa chache, hiyo ni dalili mbaya, mara nyingi ni damu imejaa ndani ya goti, na ACL ndo mshukiwa wa kwanza. Kwa heshima zote kwa bibi, asichuliwe. Goti lililojaa damu ukilikanda kwa nguvu na kulisokota unaongeza tatizo, na kama kuna meniskasi, ile mito miwili ya gegedu inayokaa kati ya mifupa, imechanika nayo, basi unaimalizia. Afungwe bendeji ya kubana kiasi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, ainue mguu akiwa amelala, na aanze kunyoosha goti na kukaza msuli wa paja taratibu bila kulilazimisha. Goti likishazoea kukaa limekunjwa linakuwa gumu kunyooka, hilo nimelipigania sana kwa wagonjwa na linachosha.

MRI ni nzuri ila sio mlango wa kwanza. Daktari wa mifupa mwenye mikono mizuri analikunja goti kidogo, anashika paja kwa mkono mmoja na ugoko kwa mwingine, anavuta, na kwa hilo tu mara nyingi anajua kamba ipo au haipo. Wakati mwingine wiki ya kwanza maumivu yanamzuia, lakini sasa zimeshapita mbili, mrudishe apimwe kwa mikono na muulize daktari kama MRI itabadilisha kitu kwenye matibabu. Kama binti bado anarefuka mwambie daktari pia, kwa sababu kwenye goti kuna sehemu za mfupa zinazokua na mpasuaji anatakiwa azikwepe.

Sasa baba. Ni kweli wasichana wanakata ACL mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana kwenye michezo ileile, hilo halina ubishi. Sababu ndo zinabishaniwa, wapo wanaotaja umbo la nyonga na mifupa, wapo wanaotaja homoni, FIFA yenyewe imetoa hela chuo cha Kingston kule London wachunguze uhusiano wa mzunguko wa hedhi na haya majeraha. Lakini wengi siku hizi wanauliza pia maswali ya kawaida kabisa: huyu msichana ameanza mazoezi ya nguvu lini? Viatu vyake vimetengenezwa kwa mguu wa nani? Uwanja anaopewa ni upi, ule mzuri au ule wavulana walioukataa? Mvulana anaruka na kunyanyua vitu tangu ana miaka minane, msichana anaambiwa kaa vizuri, halafu akifika sekondari anapewa mpira na tunashangaa goti.

Tena Sweden walifanya utafiti kwa wasichana zaidi ya 4,500 wa miaka 12 hadi 17, timu nyingine zikafanya mazoezi maalumu ya goti robo saa mara mbili kwa wiki, wakati wa kupasha misuli tu, nyingine zikaendelea kama kawaida. ACL zilipungua kwa 64%. Kama kosa lingekuwa ni kuwa msichana, robo saa ingesaidia nini? Na mwambie baba kuhusu Alexia Putellas, alikata Julai 2022 siku moja kabla ya Euro kuanza, akarudi Aprili 2023, Agosti akabeba Kombe la Dunia na Hispania.

Swali: Kaka habari za huko. Nipo Maskati ni dereva, Ijumaa tunacheza na jamaa. MRI imeonyesha ACL imekatika yote. Bosi hawezi kunipa likizo ndefu ya upasuaji. Nisikie kwako, ni lazima nipasuliwe? Goti sasa halivimbi ila mara mojamoja likinigeukia linataka kuniangusha. – Dereva, Oman

Jibu: Sio lazima kwa kila mtu, na hili hata baadhi ya madaktari wanakasirika ukilisema. Wasweden (hawa jamaa wanapenda magoti sijui kwa nini) mwaka 2010 walitoa utafiti wa vijana 121, nusu wakapasuliwa mapema, nusu wakaanza na fizio na ruhusa ya kupasuliwa baadaye wakishindwa. Baada ya miaka miwili, hata mitano, makundi mawili yalikuwa karibu sawa kwa namna watu wanavyolisikia goti lao. Kati ya walioanza na fizio, kama nusu waliishia kupasuliwa ndani ya miaka mitano, maana yake nusu nyingine hawakuhitaji kisu. Wengine walipopigwa MRI baadaye kamba ilionekana imeanza kuungana yenyewe, jambo ambalo sisi tulifundishwa haliwezekani.

Lakini usiruke ukashangilia. Waingereza mwaka 2022 walichukua watu wa aina yako, wenye goti la muda mrefu ambalo bado linawageukia, na hapo waliopasuliwa walipata nafuu zaidi ya waliobaki na fizio peke yake. Hiyo "linataka kuniangusha" ndo neno lililonishtua kwenye meseji yako. Kila goti linapogeuka hivyo linaweza kuchana meniskasi, na meniskasi ikiisha ndo ugonjwa wa kusagika goti unakaribia. Na hatari hiyo ipo hata kwa aliyepasuliwa vizuri, kwa waliokata ACL au meniskasi kama nusu wanakuwa na goti la kusagika miaka 10 hadi 20 baadaye.

Kwa hiyo ushauri wangu, Ijumaa za mpira simamisha kuanzia wiki hii. Kazi ya kuendesha gari inawezekana bila ACL kabisa, wapo wengi tu. Fanya fizio ya kweli miezi mitatu, na kwa kweli simaanishi kulazwa na kuwekewa ile mashine ya umeme dakika ishirini ukaondoka, namaanisha kunyanyua uzito mpaka jasho. Ikipita hiyo miezi mitatu na goti bado linakugeukia kwenye mambo ya kawaida, kushuka kwenye gari, kugeuka jikoni, tafuta mpasuaji na panga na likizo yako ya kuja nyumbani. Baiskeli na kuogelea ruksa.

Swali: Sasa boss. Mimi niko Nairobi nacheza raga. Ni miezi kumi na moja tangu opareshini, test zote nimepita, hata kuruka nimepita ule mguu mzima. Lakini nikiona mtu anakuja kunitackle mwili unafreeze. Mabeste wananicheka. Hii ni kawaida ama nimekuwa mwoga tu? – Nambari Saba

Jibu: Ni kawaida sana kaka, wewe huna shida ya peke yako. Mwaka 2014 zilijumlishwa tafiti 69 zenye watu zaidi ya 7,500 waliopasuliwa ACL, na waliorudi kwenye mchezo wa aina yoyote walikuwa 81%, ila waliorudi kiwango chao cha zamani ni 65%, na kwenye mashindano hasa ni 55% tu. Magoti mengi ya hao wasiorudi yalikuwa yanapima vizuri tu. Sababu inayotajwa sana ni hofu ya kuumia tena. Ndo maana kuna dodoso la maswali 12 linapima utayari wa kichwa peke yake, mwambie fizio wako alitafute mlijaze pamoja.

Mwili kugoma unapokabwa naomba usiuchukulie kama aibu, na usiufunike kwa kujitupa kwenye mechi, maana anayesitasita wakati anakabwa ndo anatua vibaya. Rudi nyuma hatua: kukabwa na mtu mmoja unayemwamini, akitembea, kwenye mto wa mazoezi, yeye anakuambia anakuja upande gani. Halafu akikimbia polepole. Halafu hakuambii upande. Inaweza kuchukua wiki sita. Hao mabeste waambie washike mto.

Swali: Bamia na supu ya kongoro zinarudisha ute wa goti? Na je nivae nii-gadi, ile ya kubana goti? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Ute wa bamia unaishia tumboni, goti linatengeneza wa kwake. Ila bamia ni mboga nzuri na kongoro mimi mwenyewe nalipenda, endelea. Nii-gadi baada ya upasuaji haijaonyesha kwamba inazuia kamba kukatika tena, ikikupa moyo vaa, isikudanganye tu ukaacha mazoezi.

Swali: Shikamoo. Mi ni kocha wa timu ya vijana wa mtaa, sina gym sina fizio, mazoezi ni saa moja tu jioni kabla giza halijaingia. Mwaka huu magoti mawili yamekatika. Nianzie wapi? – Kocha, Tanga

Jibu: Marahaba kocha. Kuna programu ya FIFA inaitwa 11+, ni ya bure, inachukua kama dakika 20 na inahitaji koni chache na mpira. Ina kukimbia, kubana tumbo, kuchuchumaa, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua, kukata kona, na ile ya kupiga magoti mwenzako amekushika vifundo unashuka mbele taratibu, vijana wataichukia. Na usiseme ni mambo ya wazungu, Lagos waliijaribu kwa vijana 416 wa timu 20, majeraha kwa ujumla yalipungua kwa 41%.

Zile dakika unazozungusha vijana uwanjani raundi tano kisha wananyoosha miguu wakipiga stori, ndo dakika zenyewe, huna haja ya muda mpya. Fanya angalau mara mbili kwa wiki, na simama mbele yao wanapotua. Goti liwe juu ya vidole, lisiingie ndani, na watue kimya, ukisikia kishindo mrudishe aruke tena. Wiki ya kwanza utapiga kelele mpaka sauti ikauke, ya tatu wataanza kurekebishana wenyewe. Na wale wawili wenye magoti, kabla hujawapanga nitumie meseji kwanza uniambie wana miezi mingapi.